Baraza la jiji lako: namna ya kulifuatilia na kulifikishia neno, kwa tunaoishi miji ya pembeni California

Maswali hayabadiliki. Bili ya taka imepanda, naonana na nani? Nasikia wanataka kujenga ghorofa nyuma ya nyumba yetu, ni kweli au ni maneno ya watu? Mimi si raia, naruhusiwa kusimama na kusema? Kila anayehamia huku huuliza, nami hujibu kwa ujumbe wa sauti mrefu ambao hakuna anayeusikiliza mpaka mwisho. Sasa nimeyaandika.

Nazungumzia miji midogo inayozunguka miji mikubwa: nyumba, shule, plaza mbili tatu, na ukumbi wa jiji ambao wengi wetu huupita kwa gari tu. Sheria ninazotaja ni za California. Ukiwa Texas au Minnesota mtiririko unafanana, ila saa na siku hutofautiana, kwa hiyo mambo ya muda muulize karani wa jiji lako.

Kitu kimoja kabla ya yote: usiku wa kikao ndio mwisho wa safari. Mpaka madiwani wanapiga kura, watendaji wameshaandika ripoti, mwanasheria wa jiji ameshaipitia, na kila diwani amekuwa na siku kadhaa za kuamua anakoelekea. Anayefika usiku ule na hasira tupu hupewa dakika zake, huambiwa asante, na kura hupita kama ilivyokuwa ipite. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kabla ya kikao.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Anwani kamili ya unapoishi
- Simu au kompyuta yenye intaneti, na baruapepe unayoifungua kweli
- Kalenda, ya simu au ya ukutani
- Bili zako za karibuni za maji na taka
- Mtu wa kukutafsiria, kama Kiingereza cha mbele za watu kinakukosesha raha

Huhitaji uraia. Huhitaji kitambulisho, suti wala wakili. Kikao ni cha wazi kwa mtu yeyote, na haki ya kusema ni ya yeyote aliyehudhuria.

Hatua ya 1: Hakikisha unaishi ndani ya jiji

Usicheke. Jina la jiji kwenye anwani yako limewekwa na posta kwa ajili ya kugawa barua, na haliendi sawa na mipaka ya utawala. Wapo watu wanaoandikiwa jina la jiji fulani miaka yote, kumbe wanaishi eneo ambalo halimo ndani ya jiji lolote na linaendeshwa na kaunti moja kwa moja. Hao baraza la jiji haliwawakilishi. Wa kwao ni wasimamizi wa kaunti.

Angalia ramani ya mipaka kwenye tovuti ya jiji, au piga simu ofisi ya karani utaje anwani. Papo hapo uliza diwani wako ni nani. Tangu California ilipopitisha sheria yake ya haki za wapiga kura mwaka 2002, miji mingi imeacha mtindo wa watu wote kuchagua madiwani wote na kujigawa kwenye maeneo, kila eneo na diwani wake.

Hatua ya 2: Jua tatizo lako ni la nani

Hapa ndipo wengi hupotezea miezi. Jiji kwa kawaida lina barabara za mitaa, bustani, vibali vya ujenzi, leseni za biashara na mpangilio wa matumizi ya ardhi. Shule ziko chini ya wilaya ya shule, yenye bodi yake iliyochaguliwa na vikao vyake. Medi-Cal (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), CalFresh (msaada wa chakula) na mambo ya ustawi wa watoto ni ya kaunti. Barabara kuu za jimbo ni za Caltrans, idara ya usafirishaji ya jimbo, hata zikipita katikati ya jiji lenu. Maji yanaweza kuwa ya jiji, ya wilaya maalumu ya maji, au ya kampuni binafsi ambayo bei zake husimamiwa na tume ya jimbo. Soma jina lililo juu ya bili, hilo ndilo jibu.

Polisi huwachanganya watu zaidi. Lakewood, karibu na Long Beach, ilipojisajili kuwa jiji mwaka 1954, iliamua kununua huduma nyingi kutoka kaunti ya Los Angeles, ulinzi ukiwemo, badala ya kuunda idara zake. Miji mingi ya pembeni ikafuata njia hiyo. Kwa hiyo usishangae askari wa jiji lako amevaa sare ya sherifu wa kaunti. Malalamiko juu ya askari mmoja hupelekwa kwa sherifu. Lakini mkataba wenyewe, yaani doria ngapi na kwa pesa ngapi, unapitishwa na baraza, na hapo una la kusema.

Na meya? Kwenye miji mingi ya aina hii meya ni diwani kama wenzake, anaongoza kikao, mara nyingi kwa zamu ya mwaka mmoja. Shughuli za kila siku ziko kwa meneja wa jiji, ambaye ameajiriwa na baraza. Ukitaka kitu kifanyike, ofisi ya meneja. Ukitaka sera ibadilike, madiwani.

Shimo la barabarani, taa ya mtaani iliyozimika, gari la taka lililokuruka: hayo hayahitaji baraza hata kidogo. Ripoti kwa programu ya simu ya jiji au piga idara ya kazi za umma, kisha chukua namba ya ombi. Asiye na namba hana ushahidi kwamba alilalamika.

Hatua ya 3: Jiandikishe kupata taarifa

Kwenye tovuti ya jiji kuna sehemu ya kuweka baruapepe ili uletewe ajenda, jarida la jiji na matangazo ya kufungwa kwa barabara. Chagua ajenda za baraza na za tume ya mipango, ile inayosikiliza miradi ya ujenzi. Mengine ni hiari yako. Tahadhari za moto na za kuhama huendeshwa mara nyingi na kaunti, kwa usajili tofauti, na hizo usiziache, hasa ukiishi karibu na vilima.

Makundi ya mtaani kwenye WhatsApp na Nextdoor (mtandao wa majirani) yanafaa kwa kujua kwamba kuna jambo. Hayafai kwa kujua jambo lenyewe ni lipi. Mtu akisema "wamepitisha", tafuta tarehe na namba ya kipengele kwenye ajenda. Isipopatikana, bado ni uvumi.

Hatua ya 4: Soma ajenda mapema

Sheria ya vikao vya wazi ya California, Brown Act ya mwaka 1953, inalitaka baraza libandike ajenda angalau saa 72 kabla ya kikao cha kawaida, na saa 24 kabla ya kikao maalumu. Kikao kikiwa Jumanne saa kumi na mbili jioni, ajenda lazima iwe imetoka kufikia Jumamosi saa hiyo hiyo. Miji mingi huitoa Alhamisi au Ijumaa. Weka kengele kwenye simu.

Ajenda inaweza kuwa na kurasa mia kadhaa pamoja na viambatisho. Usizisome zote. Pitia vichwa vya vipengele, weka alama kinachokugusa, kisha fungua ripoti ya watendaji ya kipengele hicho tu. Kwenye ripoti tafuta vitu vitatu: pendekezo la watendaji, gharama na pesa zinatoka wapi, na njia mbadala walizozifikiria. Hiyo ya mwisho ni dhahabu, kwa sababu ni rahisi zaidi diwani kuchukua njia ambayo watendaji wake wameshaiandika kuliko ile uliyoibuni wewe jana usiku.

Angalia sana sehemu iliyoandikwa Consent Calendar. Ni kundi la vipengele vinavyopitishwa kwa kura moja, bila mjadala. Vingi ni vya kawaida: malipo, kumbukumbu za kikao kilichopita. Lakini mikataba mikubwa nayo hukaa humo, na kikao kikianza saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu vyote vinaweza kuwa vimeshapita. Una haki ya kusema kabla ya kura hiyo. Ukitaka kipengele kitolewe kijadiliwe peke yake, mwandikie diwani wako kabla ya siku yenyewe umwombe akiondoe kwenye kundi. Diwani mmoja akiomba, kwa taratibu za miji mingi inatosha.

Hatua ya 5: Andika kabla hujasema

Baruapepe fupi kwa karani wa jiji, ikitaja tarehe ya kikao na namba ya kipengele, huwafikia madiwani wote na huingia kwenye rekodi. Kila jiji lina saa yake ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi, mara nyingi mchana wa siku ya kikao. Usingoje saa hiyo. Barua iliyofika siku tatu kabla inaweza kumfanya mtendaji abadilishe jambo kimya kimya, na hutasikia hata ikitajwa.

Kosa la kawaida: kuwaweka madiwani wote kwenye baruapepe moja na kuwaomba wajibizane humo. Sheria inawakataza walio wengi kujadiliana shughuli za baraza nje ya kikao, hata kwa kupokezana ujumbe. Utawaweka pabaya, na hawatajibu. Pitishia kwa karani, au mwandikie kila mmoja peke yake.

Kama ni suala la ujenzi au matumizi ya ardhi, weka sababu zako zote kwenye maandishi, hata zile unazoona ndogo. Shauri likija kufika mahakamani, mlalamikaji anaweza kuzuiwa kuleta hoja ambayo haikutolewa wakati wa usikilizwaji au kabla yake. Ulilolinyamazia linaweza kuwa limekufa hapo.

Hatua ya 6: Tayarisha dakika zako

Miji mingi hutoa dakika 3 kwa kila msemaji. Wasemaji wakiwa wengi, mwenyekiti anaweza kuzipunguza ziwe 2 au hata 1, kwa hiyo andaa toleo la dakika moja na lingine refu. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: wewe ni nani, namba ya kipengele, unataka wafanye nini, kwa nini, basi. Ombi liwe mwanzoni. Sisi tumelelewa kuanza na salamu ndefu na shukrani kwa kila mkubwa aliyepo. Hapa saa inahesabu na salamu zako.

Mfano wa dakika moja:

"Habari za jioni, Meya na madiwani. Naishi mtaa wa nyuma ya shule ya msingi, nasemea kipengele cha 9. Naomba mchague njia mbadala ya pili kwenye ripoti, ile ya kuweka kivuko chenye taa kwenye kona. Ripoti inasema magari yanapita pale kwa mwendo unaozidi kiwango. Watoto wa mtaa wetu huvuka pale kila asubuhi, na kibao cha sasa kimefichwa na mti. Njia ya kwanza, kupaka rangi upya, haiondoi tatizo hilo. Ahsanteni."

Hakuna historia ya maisha humo, na hakuna tishio la kura. Kuna kipengele, ombi, na jambo moja ambalo mtendaji ofisini hakuliona kwa macho yake, yaani mti.

Hatua ya 7: Siku ya kikao

Fika mapema, chukua kadi ya msemaji kwa karani, andika namba ya kipengele. Kwenye kadi kutakuwa na nafasi ya jina na anwani. Sheria hairuhusu kukulazimisha kujiandikisha ili uingie kikaoni, kwa hiyo kama una sababu ya kutotaja anwani, usiitaje. Taja mtaa tu. Ukimya wako juu ya anwani si kosa.

Ukisema kupitia mtafsiri, una haki ya angalau muda mara mbili, isipokuwa jiji lina vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Hiyo imo ndani ya Brown Act yenyewe. Mwambie karani kabla ya kikao, ili mwenyekiti asikukate kwa kutojua. Ukitaka jiji ndilo lilete mtafsiri wa Kiswahili, omba siku kadhaa mapema kwa maandishi. Usiku ule ule hawatampata.

Kuna nafasi mbili za kusema. Moja ni ya mambo yasiyo kwenye ajenda, nyingine ni wakati wa kipengele husika. Watu huzichanganya, husema mapema, kisha kipengele kikifika wanaambiwa zamu yao imepita. Na kwenye mambo yasiyo kwenye ajenda, usitarajie majibu: sheria inawazuia kujadili au kuamua kisichotangazwa. Diwani akikutazama kimya, au meneja akaandika kitu kwenye karatasi, usione umedharauliwa. Mara nyingi mtumishi atakufuata mlangoni kuchukua namba yako.

Kukosoa sera na watendaji kunaruhusiwa. Baraza haliwezi kukuzuia kwa sababu maneno ni makali. Kinachoweza kukutoa ukumbini ni kuvuruga kikao. Elekeza maneno yako kwa mwenyekiti, si kwa jirani uliyegombana naye aliyekaa safu ya tatu.

Hatua ya 8: Baada ya kura

Sheria ndogo ya jiji kwa kawaida hupitia mezani mara mbili: huwasilishwa kwanza, kisha hupitishwa angalau siku 5 baadaye, na huanza kutumika siku 30 baada ya kupitishwa. Azimio hupita kwa kura moja tu. Maana yake ni kwamba ukikosa kikao cha kwanza cha sheria ndogo bado kuna mlango, ingawa hiyo kura ya pili mara nyingi huwekwa kwenye lile kundi la kupitisha bila mjadala. Kwenye baraza la madiwani watano, akidi ni watatu, na sheria ndogo inahitaji kura tatu hata waliohudhuria wakiwa watatu tu.

Angalia video au kumbukumbu za kikao, andika kilichoamuliwa na nani alipewa kazi, kisha mwandikie huyo mtendaji baada ya wiki mbili hivi. Ufuatiliaji huu ndio unaotenganisha maazimio yanayotekelezwa na yanayolala.

Barua mbili usizozitupa

Zote hufika zikiwa na sura ya matangazo ya biashara, maandishi madogo, hazina mvuto.

Ya kwanza ni ya kupandisha bei ya maji, maji taka au taka. Proposition 218, iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 1996, inataka barua itumwe angalau siku 45 kabla ya usikilizwaji. Pingamizi likiletwa kwa maandishi na zaidi ya nusu ya viwanja vinavyohusika, ongezeko halipiti. Kiwanja kimoja ni pingamizi moja, la mwenye nyumba au mpangaji anayelipa bili mwenyewe. Kusema kikaoni peke yake hakuhesabiwi. Andika, weka sahihi, taja anwani, na ufuate maelekezo ya barua kuhusu mahali pa kupeleka. Kufikisha nusu si kazi rahisi, lakini rundo la pingamizi hata lisipofika huko madiwani huliona.

Ya pili ni ya mradi wa ujenzi jirani. Kwa miradi inayohitaji usikilizwaji, barua hutumwa angalau siku 10 kabla kwa wamiliki walio ndani ya futi 300, yaani kama mita 91. Umeona neno wamiliki. Mpangaji anaweza asiipate kabisa, ndiyo maana hatua ya 3 inataja tume ya mipango. Miradi mingine haina usikilizwaji: kijumba cha pili uani kwa jirani, kikitimiza masharti ya jimbo, hupewa kibali mezani bila kura ya mtu. Huko usipoteze nguvu.

Ikikwama

*Ajenda siioni.* Tafuta kwenye tovuti kiungo cha karani wa jiji, si cha habari. Bado hakuna? Lazima kuna nakala imebandikwa mahali pa wazi, kwa kawaida nje ya ukumbi wa jiji. Kikao kinaweza pia kuwa kimefutwa; mwezi wa Agosti na Desemba miji mingi hupumzika.

*Kipengele changu kimeahirishwa.* Uliza tarehe kabla hujaondoka. Kikiahirishwa hadi tarehe iliyotajwa hadharani, huenda usiletewe barua nyingine.

*Wamejifungia chumba cha ndani.* Kikao cha faragha kinaruhusiwa kwa mambo machache: kesi, majadiliano ya bei ya ardhi, masuala ya watumishi. Lazima kiwe kwenye ajenda, na una haki ya kusema kabla hawajaingia.

*Nimeomba nyaraka, kimya.* Kwa sheria ya rekodi za umma jiji lina siku 10 za kukujibu kama linazo na kama litatoa, na linaweza kuongeza hadi siku 14 kwa sababu maalumu. Ombi liwe la maandishi na finyu: "baruapepe zote kuhusu bustani" litakaa miezi, "mkataba wa sasa wa kukata miti" utakujia wiki ijayo.

*Diwani hajibu.* Piga ofisi ya jiji uombe dakika 15 naye. Wengi wana kazi nyingine mchana na udiwani ni wa jioni, kwa hiyo pendekeza Jumamosi au muda wa chakula cha mchana.

*Mtu yuko mlangoni na fomu, anasema nisaini ili kupinga uamuzi wa baraza.* Soma juu kabisa ya fomu. Barua ya wakazi kwa baraza inaweza kusainiwa na yeyote. Fomu ya kupeleka jambo kwenye kura au ya kumwondoa diwani ni ya wapiga kura waliosajiliwa tu. Kama si raia usiisaini, wala usikubali fomu ya kujisajili kupiga kura hata mtu akikuambia haina shida: kujisajili bila uraia kunaweza kuharibu kesi yako ya uhamiaji moja kwa moja. Mwambie asante, chukua jina la jambo linalopingwa, na upeleke maoni yako kwa karani kama ilivyo kwenye hatua ya 5.